Siku Kifua cha Sauda Kiliponyamaza

"Kifua kimetulia, mama. Husikii? Hakuna filimbi tena."

Aliyesema hivyo ni Tabibu Wilfredi, saa sita mchana. Mwanangu Sauda, mwenye miaka sita wakati huo, alikuwa mapajani mwangu, kichwa amekiegemeza begani, midomo ina rangi ya jivu. Asubuhi nzima kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi ya kusikika hadi nje ya mlango. Sasa kilikuwa kimya. Tabibu alikuwa ameshaandika kwenye daftari la mtoto, ameshalifunga, analisukuma kwangu kwa kidole kimoja kama mtu anayerudisha sahani yenye nzi.

"Mpeleke nyumbani akalale. Na wewe ukaoge, umenijazia unga humu ndani."

Nilikuwa nimetoka mashineni moja kwa moja. Nywele nyeupe, kope nyeupe, kanga nyeupe. Nikamtazama mtoto. Mbavu zinaingia, zinatoka, zinaingia, na sauti hakuna. Wakati ule nilikuwa nimeshasaga nafaka miaka kumi na saba. Mambo ninayoyajua duniani ni machache sana, lakini hilo nalijua: mashine iliyokuwa inaunguruma, ikanyamaza na mzigo bado uko mdomoni, haijapumzika. Imekabwa.

Nimeanzia katikati, najua. Ila hapo ndipo roho yangu inapoanzia kila nikikumbuka, kwa hiyo na ninyi mtaanzia hapo. Sasa turudi nyuma taratibu.

Naitwa Hadija, watu wananiita Mama Sauda. Naandika kwa ajili yenu vijana mnaoshika mashine za kusaga huku Mkonze na kwingineko, na ninyi mabinti mnaofanya kazi na mtoto mgongoni. Shule niliishia darasa la nne, kwetu Kondoa. Herufi ananirekebishia Sauda mwenyewe, sasa ana miaka kumi na minne na anajiona mwalimu mkuu. Ameniambia nisitaje majina ya watu, si adabu. Nimemwambia aweke mikato yake, majina aniachie mimi. Kituo cha afya chenyewe sikitaji, maana jengo halikunitukana. Walionitukana wana majina.

Kusaga nilifundishwa na Mzee Chiwanga, Mgogo, mwenye mashine. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa kwa kelele za miaka yote, na kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilikuwa nusu. Ukimwuliza kidole kimekwenda wapi, anasema, "Watu walikila na ugali, hawakujua." Halafu anakutazama mpaka unacheka, na ukishacheka anakwambia kwa sauti nyingine, "Sasa nisikuone unaingiza mkono kabla mkanda haujasimama."

Somo lake lilikuwa moja tu, kusikiliza. Alikuwa ananigeuza niitazame barabara, yeye anamimina nyuma yangu, niseme ni nini. Mahindi yanagombana. Mtama unasugua, kama mtu anakwangua sufuria iliyoungua. Uwele unanong'ona. Nikikosea ananirushia punje kisogoni. Jioni nikifungua kilemba zilikuwa zinadondoka za kutosha kuku wawili.

Kosa langu kubwa la kwanza nililifanya mwezi wa pili wa kazi. Nilimimina debe zima la mtama kwa mara moja ili foleni iende. Mashine ikaunguruma, ikaguna, ikanyamaza. Mimi nikamwambia mwenye mtama, mama mmoja mwenye haraka zake, "Tayari, kusanya unga wako." Mzee Chiwanga alicheka mpaka akakaa chini kwenye pumba.

"Hadija, tayari wapi? Mtu aliyekabwa na tonge umewahi kumsikia anaimba?"

Alizima, akafungua kifuniko, akanionyesha. Ndani mtama umeshindiliwa kama udongo wa ukuta, nyundo hazina pa kugeukia. Akaniambia, ikikohoa usiogope sana, bado inapitisha. Ikinyamaza, kimbia.

Enzi hizo tulikuwa na injini ya dizeli. Kuiwasha ilikuwa kazi ya kuvua kilemba na kuomba dua. Kisha umeme ukaja, na luku nayo ikaja na tabia yake ya kwisha debe likiwa nusu. Serikali ilipohamia Dodoma tukapata wateja wapya, watumishi wa maofisini, watu wazuri, wanakuja na kimfuko cha kilo mbili wanauliza kama tuna dona laini. Mmoja, dada wa wizara fulani, alileta uwele umelowa chepechepe.

"Mama, nimeuosha vizuri uwe safi."

"Umeuanika?"

"Nianike tena? Si nimeshauosha."

Nilimwambia hausagiki. Akasisitiza, akasema yeye amesoma. Nikamwachia Mzee Chiwanga, naye kwa utani wake akamimina konzi moja. Kilichotoka kilikuwa uji usio na moto, na mashine tukashinda tunaikwangua kwa kijiti hadi alasiri. Dada yule alirudi wiki iliyofuata na uwele mkavu na maandazi ya kuomba msamaha. Usafi nao una mahali pake. Laiti ningejiambia na mimi.

Sauda nilimzaa nikiwa nimeshakata tamaa ya kuzaa tena. Baba yake analima Kibakwe, anakuja na kuondoka kwa misimu, kwa hiyo mtoto alikuwa wangu na wa mashine. Siku arobaini zilipopita nikamfunga mgongoni nikarudi kazini. Alipokuwa mzito nikamtandikia magunia matupu nyuma ya mashine, akalala. Kelele hazikumwamsha hata mara moja. Kilichokuwa kinamwamsha ni ukimya: tukizima tu, analia. Wateja walimsifu sana. "Huyu ndiye mwenye mashine wa kesho." Na mimi nikafurahi, nikampangusa unga puani, nikaendelea kusaga.

Alipofika miaka minne akaanza kukohoa. Alipokaribia mitano, filimbi. Kila mavuno ya mtama yakija, anabanwa. Nikaanza safari za kituo cha afya.

Hapa nataka mnisikilize vizuri, maana mkosaji wa kwanza kwenye orodha yangu ni Hadija mwenyewe. Marehemu mama yangu kule Kondoa alitufundisha kwamba kuna sehemu mbili haziendewi na uchafu, msikitini na hospitali. Kwa hiyo mtoto akibanwa, nilifanyaje? Namtoa mashineni, tunakwenda nyumbani. Nachemsha maji. Namwogesha, naoga. Namsugua mafuta ya nazi mpaka anang'aa, namvalisha gauni la Idd, kilemba cheupe, soksi. Nanyoosha kanga zangu. Ndipo tunakwenda. Hadi tunafika, Sauda ameshakaa saa mbili mbali na vumbi, kifua kimelegea, anatabasamu kama bibi harusi.

Mapokezi alikuwa Nesi Pendo. Huyu ni wa pili kwenye orodha.

"Shikamoo, nesi." Nilikuwa namwamkia ingawa ni mdogo kwangu, kwa sababu ya kazi yake.

"Marahaba. Huyu ndiye mgonjwa? Mbona amependeza kuliko mimi?"

"Anabanwa na kifua."

"Kifua gani, mama? Mtoto anacheka hivyo."

Halafu anajaza daftari bila kuinua macho. Kwenye mstari wa kazi ya mzazi aliandika "mama wa nyumbani". Hakuniuliza. Nami sikujua ameandika nini, na hata ningejua nisingembishia nesi kwa jambo ambalo niliona halihusiani na kikohozi. Mmeona jinsi tulivyosaidiana kumwumiza mtoto? Mimi naosha unga, yeye anafuta kazi.

Wa tatu, na ndiye mwenyewe, ni Tabibu Wilfredi. Mtu mrefu, shati limenyooka, simu mbili. Safari zetu zote kwake alikuwa na shughuli ya kiwanja. Nasema hivyo kwa sababu mazungumzo ya kile kiwanja nayajua kuanzia kipimo hadi ugomvi wa mpaka, nimeyasikia yote nikiwa nimekaa mbele yake. Kile chombo chake cha kusikilizia alikuwa anakiweka juu ya sweta la mtoto, mara moja hapa, mara moja pale, huku anasema kwenye simu, "Mwambie jiwe la mpaka asiliguse." Kama sweta la Sauda lilikuwa na ugonjwa, basi alilipima vizuri sana.

"Ni kikohozi tu. Mpe hii."

Dawa ya maji ya kikohozi. Mara nyingine ile ya unga ya kuchanganya na maji. Nyumbani chupa zake zilinijaa dirishani, nikaanza kuzitia mafuta ya nywele, nyingine nikawagawia majirani.

Nilimwambia, "Daktari, hali inazidi. Zamani alikuwa anabanwa wakati wa mavuno tu, sasa kila mwezi."

"Watoto wa siku hizi wanadeka. Atakua, itaacha."

"Jirani yangu anasema kuna pampu ya kuvuta."

"Pampu inazoesha. Unataka mtoto awe mtumwa wa pampu?"

Nani anataka mwanawe awe mtumwa? Nikasema asante, tena kwa kupiga goti kidogo, tulivyolelewa. Nikatoka na chupa yangu.

Hayo yaliendelea karibu miaka miwili. Mwili wa Sauda ukawa mwepesi, mabega yamepanda juu kama ndege aliyenyeshewa. Shuleni wenzake wakawa wanamwita Birika, kwa ajili ya ile filimbi. Yeye alilipenda jina. Alikuwa anawaambia, "Ngojeni, chai inachemka." Mtoto wangu huyo hana aibu hadi leo.

Siku yenyewe ilikuwa ni mavuno. Foleni ya ndoo na madebe imefika barabarani, upepo wa mwezi wa sita unapeperusha kila kitu, mtama juu ya mtama. Sauda aliamka amebanwa, nami sikuwa na wa kumwachia, nikaja naye. Nikamkalisha nje upande ambao niliona upepo hauendi. Upepo ulikwenda.

Saa tano hivi Mzee Chiwanga alizima mashine. Wanangu, mzee yule hakuwahi kuzima mashine inayosaga vizuri na foleni ikiwepo. Alikuwa amezeeka, anakaa tu kwenye stuli yake, lakini aliinuka mwenyewe akavuta swichi. Watu wakaguna.

"Hadija. Hebu msikilize mtoto wako kwa sikio la kazi."

Nikamsikiliza. Filimbi ilikuwa inapanda juu, nyembamba, inakatika katikati.

"Nampeleka. Napita nyumbani mara moja tukaoge."

"Utaoga ukirudi."

"Mzee, siwezi kwenda hospitali na unga huu."

"Basi nenda hospitali ukaone aibu. Aibu haiui."

Akasimamisha bodaboda kwa fimbo yake, akatupakia. Tukaenda tukimwaga unga njia nzima kama gari bovu la mnadani.

Nesi Pendo aliponiona akaziba pua. "Mama, toka nje ujikung'ute kwanza. Hapa kuna wagonjwa."

Na mimi, mjinga, nikatoka nje. Nikamweka mtoto kwenye benchi, nikajikung'uta kanga, nikajipangusa uso, nikamkung'uta na yeye. Huenda zilipita dakika tano. Nawaambieni haya kwa sababu ndizo dakika ninazojilaumia mwenyewe, sijamsingizia mtu. Niliporudi ndani na Sauda mkononi, filimbi ilikuwa imekwisha.

Ndipo tukaingia kwa Tabibu Wilfredi, naye akaniambia hayo niliyoanza nayo.

Nikamjibu, "Sitoki."

"Unasemaje?"

"Nasema sitoki, daktari. Asubuhi alikuwa anapiga filimbi. Sasa hapigi, lakini mbavu bado zinavuta. Hewa haiingii, ndiyo maana hakuna kelele."

Akacheka, akamtazama Pendo aliyekuwa mlangoni. "Umesikia? Leo tumepata profesa. Mama, unanifundisha kazi?"

"Kazi yako siijui. Najua kitu kilichokabwa."

"Wewe ni mama wa nyumbani..."

"Mimi ni msagaji."

Basi hilo neno moja nilikuwa sijawahi kulitamka mbele ya mganga. Wala halikumshtua. Alimwambia Pendo anitoe. Pendo akanishika kanga akavuta, kanga ikabaki mkononi mwake, nikabaki na gauni la kazini, na unga uliobaki ukammwagikia viatuni. Nikatoka hatua mbili, nikakaa kwenye kizingiti cha mlango, mtoto mapajani. Hapo hapiti mtu kuingia, hapiti mtu kutoka. Tabibu yuko ndani, foleni iko nje, na katikati ni mimi.

Watu wa foleni hawakunipenda. Mzee mmoja mwenye chupa ya maji mkononi alisema, "Mama, tupishe basi. Na sisi ni wagonjwa."

"Baba, mtazame huyu kwanza. Ukiniambia nipishe, nitapisha."

Akainama. Alikuwa mfugaji, nadhani, alivaa shuka na alikuwa na fimbo. Alimtazama Sauda shingoni, pale panapoingia shimo kila akivuta hewa. Hakuniambia nipishe. Aligeuka akapiga fimbo sakafuni, akaita kwa sauti ya kuitia ng'ombe bondeni, "Nesi! Yeyote! Mtoto anakufa hapa!"

Mlango wa chumba cha wazazi ukafunguka. Akatoka mkunga, Nesi Asteria, mama mnene mwenye hasira za haki, glavu mkononi. Huyu namtaja kwa wema. Hakuuliza nani, hakuuliza kwa nini niko mchafu. Alipiga magoti kwenye kizingiti pamoja nami, akavua glavu, akampandisha Sauda gauni hadi shingoni. Kwa miaka miwili ile, mtu wa kwanza kukitazama kifua cha mwanangu kwa macho alikuwa mkunga aliyeitwa na mfugaji.

Akaweka sikio. Akahamisha. Akaweka tena.

"Nani kasema huyu aende nyumbani?"

Wilfredi alikuwa amesimama nyuma yangu, simu moja inaita, haipokei.

"Pampu iko kwenye kabati la dawa. Pendo, kimbia. Na chupa. Nataka chupa ya plastiki." Akamgeukia yule mzee, akamnyang'anya chupa yake, akamimina maji yote sakafuni.

"Maji yangu," mzee akasema.

"Utakunywa mbinguni, baba. Shika hapa."

Pendo alipoleta pampu, Asteria akatoboa kitako cha chupa kwa mkasi, tundu la kutosha mdomo wa pampu, akaizungushia plasta isivuje. Mdomo wa chupa akamwekea Sauda mdomoni. Anabonyeza, anahesabu pumzi, anabonyeza tena. Mzee ameshika kitako cha chupa kama aliyekabidhiwa mtoto mchanga. Wakaleta na oksijeni. Mimi nimemshika mwanangu mgongoni, nasikiliza kwa viganja.

Kisha nikaisikia. Nyembamba kabisa, kama uwele unaoanza kushuka. Filimbi.

Nikasema Alhamdulillahi, nikaanza kucheka na kulia kwa pamoja, makamasi na unga vikawa ugali usoni. Pendo alishangaa.

"Sasa unafurahi nini, mama? Si ameanza tena?"

Asteria alimjibu bila kugeuka. "Filimbi ni hewa, Pendo. Nenda kaite gari la wagonjwa."

Sauda alifungua macho garini. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Mama, una sura ya mzuka." Nikajua amerudi.

Hospitali kubwa alitupokea daktari binti, mdogo, ningeweza kumzaa. Alipomaliza kumtundikia mtoto dawa akanitazama kichwani.

"Shikamoo, mama. Huo ni unga?"

"Marahaba. Ni unga, mwanangu, unisamehe, sikupata muda wa kuoga."

"Hapana, usiniombe radhi. Unafanya kazi wapi? Na mtoto anashinda wapi?"

Swali hilo. Miaka miwili, safari zote zile, na nilikuwa sijaulizwa. Nikamweleza kuhusu magunia nyuma ya mashine. Akaweka kalamu chini.

"Kwa nini hamkusema?"

"Hatukuulizwa. Na kila tulipokwenda tulikuwa tumeoga."

Akafungua daftari la Sauda akasoma ukurasa wa siku hiyo kwa sauti. Joto la mwili, limeandikwa. Mapigo, yameandikwa. Kifua: safi pande zote mbili. Akaniuliza kipimajoto kilikaa kwapani au mdomoni. Nikamwambia kilikaa kwenye droo. Akauliza tena, taratibu, kama mtu asiyetaka kusikia vibaya. Nikamwambia tena. Akarudi nyuma, safari baada ya safari, na kifua kilikuwa safi kurasa zote. Alipiga mstari kwa kalamu nyekundu chini ya kila "safi", kisha akaenda kunawa mikono.

Nilikaa pale siku sita, na nilijifunza mengi kuliko miaka yangu minne ya darasani. Pumu haiambukizi na si uvivu. Pampu haizoeshi mtu, kinachozoesha ni uongo. Kuna pampu ya kuokoa anapobanwa, na kuna ya kila siku hata akiwa mzima, na baada ya hiyo ya kila siku mtoto asukutue mdomo. Chupa ya maji iliyotobolewa vizuri inasaidia dawa ishuke kifuani isibaki ulimini. Sauda aliipamba yake kwa rangi za kucha.

Mengine nilijifunza kwa makovu. Mtoto akibanwa, nenda ulivyo. Ukiwa na pumba, nenda na pumba, ukiwa na samadi, nenda na samadi, huo uchafu ndio maelezo yako. Taja kazi yako hata usipoulizwa. Taja anapolala mtoto. Mwombe mganga amfunue kifua, kwa adabu, na akikataa mwambie hivi: "Sawa daktari, naomba uandike hapo kwamba nimekuomba umsikilize na umekataa." Nimemfundisha mama mmoja wa huku maneno hayo, akanihadithia kwamba sweta lilivuliwa kabla hajamaliza sentensi.

Na ninyi wa mashineni, mtoto hakai kule, hata kidogo. Mzee Chiwanga tuliporudi alikuwa ameshabomoa kibanda cha nyuma alimokuwa analala Sauda, magunia ameyachoma, hakutaka kuongea habari zake. Akajenga ukuta na bomba la kutoa vumbi juu. Funga kitambaa puani, si cha mapambo, cha kufunika. Mimi sikufunga. Miaka mitano baadaye na mimi nikaanza kupiga filimbi, daktari akaniambia niache, nikaacha. Sasa nalima mchicha, na Sauda ananiita Birika Kubwa. Yeye anacheza netiboli, nafasi ya katikati, anakimbia kuliko wote na kupiga kelele kuliko refa. Mzee Chiwanga huja kumtazama, sikio la kulia analielekeza uwanjani, anasema mashine hiyo iko sawa.

Kwa hiyo sina majonzi ya mtoto, Mungu ashukuriwe. Nilicho nacho ni dai.

Nilipeleka malalamiko. Kwanza niliyaandika nikayatia kwenye sanduku la maoni, nikaja kuambiwa ufunguo wa sanduku haujulikani uliko. Nikaenda kwa mganga mfawidhi, mkubwa wa kituo, na daftari lenye mistari myekundu. Akatuita, mimi, Pendo na Wilfredi. Wilfredi akasema mama huyu alikuja mchafu, ana jazba, haelewi. Pendo akasema yeye anaandika anachoambiwa. Mganga mfawidhi akasema sote ni binadamu, mtoto amepona, tupeane mikono yaishe. Akaagiza soda. Nikapewa soda ya machungwa, baridi, nikainywa, kwa sababu ilikuwa jua kali na nilitembea kwa miguu. Wengine wananilaumu kwa soda ile. Soda haikuwa na kosa. Lakini mganga mfawidhi aliniahidi majibu ya barua yangu, na hadi leo hajaniletea hata mstari.

Nesi Pendo tulishamalizana. Alikuja nyumbani mwenyewe miaka mitatu iliyopita, na mtoto wake mwenye kifua mgongoni, kuniomba nimwonyeshe jinsi ya kutoboa chupa. Nilimwonyesha. Alilia, nikampa mchicha.

Wilfredi hajaja. Nasikia amepanda, siku hizi ndiye anayewasimamia vijana wa mafunzo, anawaonyesha namna ya kupokea mgonjwa. Hilo ndilo lililonitoa kwenye mchicha na kunishikisha kalamu. Vijana wale wanamtazama mkono, kama mimi nilivyomtazama Mzee Chiwanga.

Kwa hiyo, Tabibu Wilfredi, nakuuliza mbele ya hawa vijana, wa kwangu na wa kwako. Kurasa zote zile uliandika kwamba kifua cha Sauda ni safi. Ulikisikiliza lini? Nijibu kwa maandishi na saini yako chini, maana kuandika unajua. Na wewe mganga mfawidhi uliyeniahidi, usiniite ofisini. Niletee jibu lake.